Nani Anamsindikiza Nani? Jinsi Jumuiya ya Kiyahudi Inavyoagana na Rabi wa Miaka Mingi

Mwaka 1937 kijana mmoja kutoka kisiwa cha Rhodes, katika bahari ya Mediterania, aliwasili Elisabethville, mji wa shaba wa Katanga ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi, ili awe rabi wa Wayahudi wa mji huo. Jina lake lilikuwa Moïse Levy. Alikuwapo wakati wa Wabelgiji, akawapo Katanga ilipojitenga mwaka 1960 na iliporudishwa Kongo mwaka 1963, akawapo Mobutu alipotwaa biashara za wageni mwishoni mwa mwaka 1973, na alipoondoka kwenda Brussels mwaka 1991 ilikuwa imepita miaka 54. Watoto aliowafundisha herufi za Kiebrania walikuwa wamekwisha kuwa mababu na mabibi. Wengi wao, hata hivyo, hawakuwa Lubumbashi tena.

Ninaanza na habari yake kwa sababu inaonyesha upesi ugumu ulio ndani ya jambo linaloonekana jepesi. Jumuiya inapomuaga rabi aliyekaa nayo miaka mingi, mgeni huona chakula, hotuba, zawadi na machozi, akadhani ameona kila kitu. Chini ya hayo kuna mjadala wa karne nyingi kuhusu cheo hicho ni cha nani, kinalipwaje, kinarithiwaje, na anayekiacha anabaki na nini. Tusipoyatenganisha maswali hayo hatuwezi kuelewa kwa nini jumuiya moja huagana na rabi wake kwa jioni moja, nyingine ikatumia miaka miwili, na nyingine haiagani kabisa.

Tuanze na neno lenyewe. Msomaji wa Injili ya Yohana kwa Kiswahili analifahamu: wanafunzi wawili wanamwita Yesu "Rabi", na mwandishi anafafanua papo hapo kwamba maana yake ni mwalimu. Wayahudi wa Kisefaradi, yaani wale ambao asili yao ni Hispania, kama watu wa Rhodes, wana neno jingine wanalolipenda, hakham, mwenye hekima. Mzizi wake ni ule ule uliotupa sisi hekima na hakimu kwa njia ya Kiarabu. Neno letu kuhani nalo ni ndugu wa neno la Kiebrania kohen, na hapo ndipo penye tofauti ambayo watu wengi huikosa. Kohen huzaliwa, ni mzao wa Haruni kwa upande wa baba, na kazi yake kubwa ilikuwa katika Hekalu la Yerusalemu, lililobomolewa mwaka 70. Rabi hazaliwi. Husoma, akapimwa na waliosoma kabla yake, akaidhinishwa. Hatoi sakramenti, hasamehi dhambi kwa niaba ya Mungu, na wala sala ya sinagogi haimhitaji. Kinachohitajika ni watu wazima kumi, idadi inayoitwa minyani: Wayahudi wa Kiorthodoksi, wanaoshika sheria kama ilivyopokewa, huhesabu wanaume tu, ilhali jumuiya za Mageuzi na nyingi za Kikonsavativu, madhehebu yaliyokubali mabadiliko kwa viwango tofauti, huhesabu wanawake pia. Yeyote kati yao anayezijua sala aweza kusimama mbele na kuongoza.

Ushahidi wa jambo hilo uko karibu nasi, upande wa Mbale, mashariki ya Uganda. Semei Kakungulu, aliyekuwa jemadari mkubwa wa Kiganda, aliingia katika dini ya Kiyahudi mwaka 1919 pamoja na wafuasi wake, na jumuiya aliyoiacha, Abayudaya, ilipita katika kifo chake na katika marufuku ya Idi Amin. Gershom Sizomu, mtoto wa jumuiya hiyo, alipata idhini ya urabi huko Los Angeles mwaka 2008. Hiyo ni miaka 89 ya kusali, kushika Sabato na kuzika wafu bila rabi mwenye idhini kutoka ndani yao wenyewe. Jumuiya bila rabi ni jumuiya. Rabi bila jumuiya ni msomi aliyekaa nyumbani kwake. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya kuagana kwao kusifanane na padri anayehamishwa na askofu. Katika nchi nyingi hakuna wa kumhamisha rabi. Jumuiya ndiyo iliyomwita, na jumuiya ndiyo inayoachana naye.

Kwa kuwa ilimwita, inamlipa, na hapo kuna fundo la pili. Mafunzo ya kale yanayoitwa Pirkei Avot yanaonya kwamba Torati isifanywe jembe la kuchimbia. Maimonides, mwanazuoni mkubwa wa sheria ya Kiyahudi aliyejipatia riziki kwa utabibu huko Misri katika karne ya 12, aliwakemea vikali wanazuoni waliotaka kuishi kwa fedha za jumuiya. Lakini maisha yalikuwa na hoja zake. Mwaka 1391, Wayahudi walipouawa katika miji ya Hispania na visiwa vyake, tabibu mmoja wa Majorca, Shimon ben Tzemach Duran, alikimbilia Algiers. Huko utabibu haukumlisha, akakubali mshahara wa urabi, kisha akaandika hoja ndefu za kujitetea mwenyewe na waliomfuata. Njia ambayo wengi waliishika ni hii: rabi halipwi kwa kufundisha Torati, bali anafidiwa muda ambao angeutumia katika kazi nyingine. Talmudi, mkusanyo wa kale wa mijadala ya wanazuoni kuhusu sheria, inamtaja hakimu Karna, ambaye kazi yake ilikuwa kunusa mvinyo maghalani na kusema upi utadumu na upi uuzwe mapema. Alipoitwa kuamua kesi alitaka alipwe kiasi anachokikosa kwa kuacha kunusa. Ukiwaona wakuu wa sinagogi leo wamekaa na rabi wao wakizungumzia kiinua mgongo na nyumba atakayoishi, usidhani fedha zimeingilia jambo takatifu. Mtu huyu aliacha kazi nyingine zote kwa ajili yao, na kumtunza anapozeeka ni sehemu ya fidia ile ile.

Je, wanaweza kumwondoa wakitaka? Katika karne ya 16 Moses Isserles wa Kraków aliandika kanuni ambayo bado inanukuliwa katika mabaraza ya Kiorthodoksi: rabi aliyekwisha kukaa katika mji haondolewi cheo chake, hata akitokea mwingine mwenye elimu kubwa zaidi, na mwanawe au mjukuu wake hutangulizwa mbele ya wageni iwapo ana elimu ya kutosha na uchaji wa baba yake. Huo urithi ulibishaniwa sana, kwani wako waliosema kwamba elimu haigawanywi kama shamba. Mahali pengine ulitokea kwa njia ya kawaida kabisa. Katika sinagogi la Kehilath Jeshurun, New York, Moses Zevulun Margolies alianza urabi mwaka 1906. Mume wa mjukuu wake, Joseph Lookstein, alijiunga naye mwaka 1923. Haskel Lookstein, mwana wa Joseph, akaanza kumsaidia baba yake mwaka 1958 na kumrithi baba huyo alipofariki mwaka 1979. Mwaka 2015 jumuiya hiyo ilimleta Chaim Steinmetz kutoka Montreal, mtu asiye wa ukoo huo. Fikiria ibada ya kwanza ya Sabato baada ya hapo. Kulikuwa na wazee waliozaliwa, wakafunga ndoa na kuwazika wazazi wao mikononi mwa familia moja, na katika maisha yao yote hawakuwahi kumkaribisha rabi mgeni.

Kanuni ya Isserles inamlinda rabi dhidi ya kufukuzwa. Haisemi nini kifanyike anapoondoka kwa hiari, akiwa hai na mwenye nguvu, na mwingine amekwisha kukaa katika kiti chake. Kwa jambo hilo marabi hurudi kwenye kisa ambacho ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika mjadala huu.

Kisa chenyewe kiko katika Talmudi, kitabu cha Berakhot, na kinatokea Yavne, mji ambao wanazuoni walikusanyika baada ya Hekalu kuanguka. Mkuu wa chuo, Rabban Gamliel, alitofautiana na Rabi Yehoshua kuhusu sala ya jioni, akamsimamisha mbele ya watu huku yeye akiendelea kufundisha. Waliokuwapo hawakuvumilia; walimuuzulu Gamliel siku ile ile na kumweka Elazar ben Azariah, ambaye kwa masimulizi hayo alikuwa na miaka 18 na nywele zake zikageuka mvi ili watu wamheshimu. Bawabu akaondolewa mlangoni, wanafunzi waliokuwa wakizuiwa wakaingia, na mabenchi yakaongezwa mamia kwa mamia. Gamliel hakwenda zake kwa hasira. Aliendelea kukaa pale akijifunza, kisha akaenda nyumbani kwa Yehoshua kuomba radhi. Alipoingia aliona kuta zimekuwa nyeusi kwa masizi, akasema: naona wewe ni mtu wa makaa. Yehoshua akamjibu kwamba ole wa kizazi ambacho wewe ni kiongozi wake, kwani hujui taabu ya wanazuoni wala wanapata vipi chakula chao. Miaka yote ya uongozi wake, Gamliel hakuwahi kuziona kuta zile. Aliziona alipokuwa hana cheo tena.

Waliposameheana tatizo likawa kwa kijana. Kumrudisha Gamliel na kumshusha Elazar hakukuwezekana, kwa sababu ipo kanuni kwamba katika mambo matakatifu mtu hupandishwa, hashushwi. Wakagawana mafundisho ya Sabato, Gamliel akichukua majuma mengi na Elazar machache. Hapo ndipo penye mzizi wa cheo ambacho sasa marabi wengi hupewa siku ya kuagwa, rabi wa heshima kwa maisha yake yote. Hakishushwi cheo chake. Jina lake hubaki ubaoni, na kiti chake hubaki sinagogini. Kinachobadilika ni nani anayeamua.

Ugumu wa kweli uko katika maneno hayo ya mwisho, nao hauonekani siku ya karamu. Huonekana miezi mitatu baadaye, simu inapolia usiku. Mwanamke aliyefungishwa ndoa na rabi mzee miaka 40 iliyopita amefiwa na mumewe, na anamtaka yeye, si huyu kijana ambaye hata jina la marehemu atalisoma kwenye karatasi. Rabi mzee anamjua mumewe, anawajua watoto, anajua hata ugomvi wa ndugu ambao hautakiwi kutajwa kaburini. Pamoja na hayo, maadili ya kazi katika vyama vya marabi wa Marekani yanamtaka ajibu kwa kifupi: mpigie kwanza rabi wenu. Mrithi akimwalika, atakwenda. Asipomwalika, atakaa nyumbani. Wengi hujiweka mbali na sinagogi kwa mwaka mzima, wakasali kwingine, ili mkono wao usibaki mlangoni. Wengine huona ni ukatili. Nami niliona hivyo mwanzoni, lakini nimebadili mawazo, kwa sababu mazishi ndiyo mahali ambapo rabi mpya huwa rabi wa watu kwa kweli. Akinyang'anywa mazishi ya mwaka wa kwanza, atabaki mgeni mwaka wa tano. Waswahili husema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kanuni hizi zinajaribu kuwaruhusu wakae, kwa sharti kwamba mmoja ajifunze kunyamaza.

Ndiyo maana pia jumuiya nyingi za Mageuzi na za Kikonsavativu hazifanyi haraka. Rabi hutoa taarifa mapema, pengine mwaka mmoja au miwili kabla. Kamati huundwa, waombaji huja kufundisha Sabato moja kila mmoja huku wakiangaliwa, na mara nyingine huajiriwa rabi wa mpito wa mwaka mmoja, ambaye kazi yake kubwa ni kuwapa watu nafasi ya kumlilia aliyetangulia bila kumlinganisha na mrithi wake. Kwingine muda umekatwa na sheria: Marabi Wakuu wa Israeli huchaguliwa kwa miaka 10, na Rabi Mkuu wa Ufaransa kwa miaka 7. Huko kuagana kunajulikana tangu siku ya kwanza. Kwa wajumbe wa Chabad, kundi la Kiorthodoksi linalotuma marabi sehemu nyingi za dunia, mambo ni kinyume kabisa. Mume na mke hutumwa katika mji wakiwa vijana, nao huchukulia kwamba watazeeka na kuzikwa wakiwa katika utume huo. Mwaka ule ule wa 1991, Levy alipoondoka Lubumbashi, mjumbe wa Chabad, Shlomo Bentolila, alianza kazi Kinshasa.

Yamebaki matendo ya kuagana yenyewe, na hapa msomaji wa Kiswahili atajisikia nyumbani kuliko anavyodhani. Sheria ya Kiyahudi haikazii sana karamu, inakazia kusindikiza. Abrahamu, baada ya kuwalisha wageni watatu, alitembea nao kuwasindikiza njiani, na kutokana na aya hiyo wanazuoni walisema kwamba kumsindikiza mgeni ni wajibu kama kumkaribisha. Kisha wakapima umbali. Mwalimu humsindikiza mwanafunzi hadi pembezoni mwa mji. Rafiki humsindikiza rafiki hadi mpaka wa mwendo wa Sabato, dhiraa 2,000. Mwanafunzi humsindikiza mwalimu parsa moja, takriban kilomita nne, na ikiwa ndiye mwalimu aliyempa sehemu kubwa ya elimu yake, parsa tatu. Kilomita kumi na mbili kwa miguu, kisha kurudi peke yake. Bibi zetu waliotukataza kumwacha mgeni mlangoni wangeielewa sheria hiyo bila kufafanuliwa. Wangeelewa pia kwa nini neno la Kiebrania la kusindikiza, levaya, ndilo hilo hilo la mazishi, maana sisi nasi tunamsindikiza marehemu.

Talmudi inaongeza masharti mawili ya maneno. La kwanza, mtu asiachane na mwenzake ila kwa neno la sheria, kwa kuwa kwa neno hilo atamkumbuka. Kwa sababu hiyo rabi anayeagwa hutarajiwa kufundisha hata siku hiyo, na hotuba nzuri kuliko zote za kuaga ni ile iliyofafanua aya moja vizuri, kuliko ile iliyowashukuru wajumbe wote wa kamati. La pili ni la ndani zaidi. Aliye hai anayeondoka asiambiwe "nenda kwa amani". Aambiwe "nenda kuielekea amani". Yethro alimwambia Musa maneno ya namna ya pili, naye Musa akafanikiwa. Daudi alimwambia Absalomu ya namna ya kwanza, naye Absalomu akafa akining'inia mtini. "Nenda kwa amani" huambiwa aliyekufa, ambaye njia yake imekwisha na hana tena pa kufika. Tafsiri zetu za Biblia haziitenganishi misemo hiyo miwili, na kwa kweli katika Kiswahili ni vigumu kuitenganisha. Lakini ni onyo la thamani kwa yeyote anayeandaa sherehe ya kumuaga mtu: usimsifu kana kwamba unamsomea wasifu wa marehemu. Ana njia bado.

Turudi Lubumbashi, kwa kuwa huko karibu kila kanuni niliyoitaja iligeuka. Watu wa Rhodes walikuja Katanga kutafuta riziki baada ya reli kufika Elisabethville mwaka 1910, wakafungua maduka, wakaitana ndugu kwa ndugu, wakasema Kihispania chao cha kale nyumbani. Karibu na mwaka 1930 walikuwa na sinagogi la kudumu katikati ya mji. Mwezi Julai mwaka 1944 Wajerumani waliwakusanya Wayahudi waliobaki Rhodes, zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Waliorudi hai walikuwa takriban 150. Rabi wa Elisabethville aliletwa kutoka kisiwa ambacho, kufumba na kufumbua, hakikuwa tena na Wayahudi wa kuleta mwingine. Tangu hapo jumuiya ya Katanga ikawa moja ya mahali ambapo Rhodes iliendelea kuishi. Kadishi, sala ya wafiwa, ikasomwa huko kwa ajili ya watu wasio na kaburi.

Uhuru ulipokaribia, Kongo ilikuwa na Wayahudi wapatao 2,500, na karibu nusu yao walikuwa Elisabethville. Kisha vita, kujitenga, kutwaliwa kwa maduka, na mwaka 1991 uporaji ulioanza Kinshasa mwezi Septemba na kuenea hadi Lubumbashi. Kila mara familia kadhaa ziliondoka kwenda Brussels, Cape Town, Israeli. Kwa miaka 30 rabi ndiye aliyekuwa akiisindikiza jumuiya, kidogo kidogo, hadi pembezoni mwa mji, kama mwalimu anavyopaswa kumfanyia mwanafunzi. Hakukuwa na kamati ya kumtafuta mrithi, kwa sababu hakukuwa na wengi wa kurithiwa.

Wayahudi hawapendi kuhesabu watu kwa tarakimu. Ili kujua kama minyani imetimia, msimamizi wa sala husoma kimoyomoyo aya ya Zaburi ya 28 inayomwomba Mungu awaokoe watu wake, aubariki urithi wake, awachunge na kuwabeba hata milele. Kwa Kiebrania ina maneno kumi, na kila neno hupewa mtu mmoja. Neno la mwisho ni ha-olam, milele. Mahali ambapo wamekuja watu tisa, aya hukatika kabla ya kulifikia, na Kadishi haisomwi, hata rabi awe ni mmoja wa hao tisa na awe amehudumu miaka 54. Brussels, ambako Wasefaradi wa Kongo walikuwa wametangulia na kujipatia sinagogi lao, neno la kumi lilikuwa na mtu wake.